Nilimkuta Nzuki na Kopo la Oili Kwenye Masanduku ya Susu

Nilimkuta na kopo mkononi.

Nzuki. Fundi wangu wa miaka minne, mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika randa... amesimama kwenye veranda ya mteja wangu, na udongo wa sanduku umelowa mweusi.

"Nzuki, hiyo ni nini?"

Akalifunika kopo kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe."

"Ni oili, boss. Lakini ongea polepole, Susu ako ndani amelala."

Eti niongee polepole! Jamani, damu ilinipanda mpaka masikioni.

Ngoja niwaeleze mnielewe. Mimi ni Khadija, nina karakana ya mbao hapa Machakos mjini. Natengeneza masanduku ya kupandia mboga, yale ya kuweka kwenye veranda au nyuma ya nyumba, kwa kipimo anachotaka mteja. Hasira zangu ziko karibu. Nyumbani wananijua, na sasa na nyinyi mtanijua.

Mteja mwenyewe ni Winfred, mwalimu. Mamake alikuwa kijijini Masii, mgongo ukamkataa, Winfred akamleta mjini. Huyo mama ndiye tunamwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Amelima tangu akiwa msichana. Mjini akawa anakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Chakula anarudisha. Haongei.

"Khadija," Winfred aliniambia, "nitengenezee kitu mama alime bila kuinama. Naona nikimpoteza."

Tukatengeneza masanduku matatu ya mbao za saiprasi, yenye miguu, yanafika kiunoni. Ndani tukatandika nailoni, chini kokoto, juu udongo na mbolea ya mbuzi. Susu akapanda kunde, sukuma na dania. Wiki hiyo hiyo Winfred alinipigia simu. Mamake alikuwa ameitisha ugali mwenyewe.

Halafu kunde zikawa njano.

Sukuma ikalala. Udongo ukaanza kunuka gereji. Na Susu akarudi kwenye kiti chake. Nikaenda kujionea mwenyewe, ndipo nikamkuta Nzuki na kopo.

Sasa mnaona kwa nini niliwaka. Huku kwetu kila nguzo ya ua hupakwa oili chafu ya magari, mchwa asiile. Nzuki alikuwa ametaka tupake miguu ya masanduku, nikakataa katakata. Hapo panatoka chakula cha mtu. Tukagombana, akanyamaza, nikajua yameisha. Kumbe ananizunguka!

Hivyo ndivyo nilivyowaza.

"Umeniharibia kazi makusudi."

"Boss, nisikize kidogo..."

"Nisikize nini na kopo liko mkononi mwako?"

Akafungua mdomo. Akatazama mlango wa ndani. Akafunga mdomo.

Nikatoa simu, nikampiga picha. Jioni nikaiweka kwenye hili grupu letu la mafundi na wateja: "Mjihadhari na huyu, anaua mimea ya watu." Mlishea nyinyi. Mkamtukana nyinyi. Mimi nikawa nasoma maneno yenu na chai yangu, roho safi.

Nzuki alichukua vifaa vyake asubuhi iliyofuata, akaondoka bila kuniaga.

Nikabadilisha udongo wote kwa Susu. Nailoni mpya, miche mipya, bure kabisa, kwa sababu jina langu lilikuwa pale. Nikawa najisifu kwamba nimemaliza shida.

Siku kumi na mbili baadaye...

"Khadija, zimekuwa njano tena," Winfred akaniambia kwa simu.

Nilikaa chini juu ya mbao. Nzuki hakuwa amekanyaga pale. Sasa nani?

Nikaenda kabla ya Winfred kutoka shule. Sikubisha hodi, nikazunguka nyumba taratibu.

Kwenye veranda alikuwa Susu. Chupa ya soda mkononi, imejaa oili nyeusi. Alikuwa anaimwaga polepole ukingoni, pale udongo unapokutana na mbao, kwa uangalifu wote wa mtu anayetunza kitu chake.

"Susu... unafanya nini?"

Akashtuka, lakini hakuficha chupa.

"Si ni mchwa? Nimeona mmoja akipanda huu mguu. Kwangu Masii hata ghala tulikuwa tunapaka. Watu wa gereji hapo nyuma ndio wananipatia."

Nikautazama mguu wa sanduku.

"Yule kijana wa mbao alikuja kutazama kunde zangu, akanipata nikimwaga," akaendelea. "Akaninyang'anya kopo, akaniambia inaua kunde. Mimi nikabisha. Nimelima miaka sitini, yeye ni nani? Lakini nikamuomba asimwambie Winfred. Winfred akijua atasema akili yangu imezeeka, na hii shamba ataniondolea."

Kisha akaniuliza, "Na ako wapi? Alisema atarudi kuniletea mbegu ya kunde ya kwao."

Nikamwambia ukweli. Picha, matusi, kila kitu. Susu alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chupa chini.

"Mwana wakwa," akasema, mwanangu, "umemchoma mtu kwa ajili yangu na mimi nikiwa humo ndani, nimenyamaza."

Jioni hiyo alimwambia Winfred mwenyewe. Shamba hakunyang'anywa. Winfred alilia, basi.

Kesho yake nikaenda Mitaboni, kwao Nzuki. Nilimkuta anachimba mitaro kwa shamba la babake. Fundi wa mikono ile, anashika jembe.

"Hukupata kazi?"

"Kila karakana naingia wananionyesha picha yangu kwa simu."

Nikamwomba msamaha. Niliomba kweli, na machozi.

"Nimekusamehe, boss. Lakini kurudi, sirudi."

"Si ungeniambia tu, Nzuki? Neno moja!"

Akaegemea jembe.

"Susu alikuwa hajalala. Nilisema tu hivyo. Alikuwa nyuma ya mlango akisikiza, na ningesema, ungemrukia hapo hapo. Na wewe hukuniuliza. Ulinipiga picha."

Wasomaji wangu, nimerudi nyumbani na neno hilo, halitoki. Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza kwa utulivu, nikaona simu ni rahisi zaidi. Na Susu ndiye angelima, lakini hata siku moja sikumuuliza anaogopa nini kwenye mbao. Nilimuuliza Winfred rangi.

Basi yasomeni vizuri. Anaitwa Justus Nzuki, wa Mitaboni. Hakuharibu kitu. Mwenye karakana anayetafuta fundi amwite, na mwenye ile picha aifute.

Na kama mmewahi kuyasifu masanduku yangu kwamba yanafika kiunoni hadi mzee analima bila kuumia, mjue hiyo akili haikuwa yangu. Nzuki ndiye aliyempima Susu kwa kamba, mama mwenyewe akiwa amesimama.