Mzabibu wa Hajjat Nofa na Sabuni ya Kijani

Siku ya Alhamisi, katika mtaa wa kina Rudaina, hakuna anayekaa kitako. Alhamisi ndiyo siku ya maji. Mabomba ya mtaa hufunguliwa mara moja tu kwa wiki, na kila nyumba hujaza matangi yake yaliyo juu ya paa. Wanawake hufua nguo, mashuka, mapazia na mazulia, mpaka mji mzima wa Zarqa unanukia sabuni. Anayelala Alhamisi atajuta hadi Alhamisi nyingine.

Lakini Alhamisi hii Rudaina alikuwa na wasiwasi mwingine. Alisimama uani, chini ya mzabibu wa mama mkwe wake, akageuza jani moja huku na huku. Ukingo wa jani ulikuwa umekauka kama uliochomwa na pasi. Akashika jani la pili. Nalo vilevile. La tatu likavunjikia mkononi.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Mama atanichinja."

Huyo mama ni Hajjat Nofa. Mzabibu ule aliuleta yeye mwenyewe siku alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi. Ulikuwa kijiti tu kutoka kwa baba yake, kimefungwa kwa kitambaa kilicholowa. Sasa umetanda ua mzima. Kila mwaka majani yake hujazwa wali na nyama, na mengine hutiwa kwenye chupa ili yaliwe hata wakati wa baridi. Majirani huyaomba. Hajjat huwapa, lakini huyachuma kwa mkono wake. Hamwachii mtu.

Mwezi uliopita Hajjat alikwenda mji wa Aqaba kumuuguza binti yake aliyejifungua. Alisema angekaa huko hadi arobaini. Mlangoni alimshika Rudaina mkono.

"Mume ni wako, watoto ni wako," alisema. "Mzabibu ni wangu. Nakuachia."

Arobaini ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Rudaina alihangaika. Aliingia jikoni, akatoka. Akapanda paani kutazama tangi, akashuka. Akampigia simu mumewe, Ghazi, ambaye ni dereva wa gari la mikate.

"Baba Talin, mzabibu unakufa."

"Jua hilo," alisema Ghazi. "Mwaka huu ni kali."

"Jua la mwaka jana lilikuwa kali zaidi, na mzabibu ulinawiri."

"Basi mwambie mama ni upepo wa jangwani. Upepo hauna wa kuushitaki."

"Mimi nakufa na wewe unaleta mzaha!"

"Sasa nifanye nini, niupeleke hospitali?" Ghazi alisema, akakata simu kwa sababu askari wa barabarani alikuwa anamtazama.

Haikuwa haki, Rudaina aliona. Yeye ndiye aliyekuwa akijitahidi kuliko wote mtaani. Binti yake Talin alirudi kutoka shuleni na habari za dunia inayopata joto na maji yanayopungua, na maneno yale yalimwingia Rudaina moyoni. Tangu hapo, kila kitu chenye picha ya jani alikinunua. Alinunua miswaki ya mianzi wakati ile ya zamani ilikuwa bado mizima. Alinunua mifuko ya kitambaa iliyoandikwa "Naipenda Dunia". Kila alipokwenda dukani aliusahau mfuko nyumbani, akanunua mwingine. Ilifika ishirini na saba. Ghazi alisema wakihama watafungia vyombo vyote humo na mifuko itabaki.

Kisha akakutana na sabuni. Ilikuwa sabuni ya unga kwenye boksi la kijani lenye picha ya jani, jina lake Rafiki wa Dunia. Msichana aliyekuwa akiitangaza dukani alivaa ushungi wa kijani na alikuwa na maneno matamu.

"Dada, hii ni ya asili," alimwambia. "Hata maji yake hayaendi bure. Yarudishe ardhini, ardhi itakushukuru."

Rudaina alifurahi kupita kiasi. Zamani alikuwa akimwagilia mzabibu kwa ndoo, na mgongo ulimuuma. Sasa aliunganisha mpira kwenye mashine ya kufulia, akaupeleka moja kwa moja hadi shina la mzabibu. Na kwa kuwa sabuni ilikuwa rafiki, hakuona sababu ya kungoja Alhamisi. Alifua kila siku. Taulo lililotumika mara moja, mashineni. Foronya, mashineni. Alijisikia mtu mwema.

Tatizo ni kwamba tangi lilianza kukauka Jumatatu. Wiki mbili mfululizo walikaa siku tatu bila maji, watoto wakinawa kwa kikombe. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amemwita fundi bomba. Alimwita Mama Layth, kwa sababu Ghazi hushinda barabarani, na fundi mwanamume hawezi kuingia nyumbani mwenye nyumba akiwa hayupo. Zamani wanawake walikaa na bomba linalovuja wiki nzima wakisubiri mume apate nafasi. Siku hizi wapo mafundi kama Mama Layth.

Mama Layth alifika na sanduku la vifaa begani, ushungi ameufunga nyuma ya shingo. Hakutaka hata kuketi.

"Una chai?" aliuliza.

"Ipo. Karibu, nikumiminie."

"Siyo ya kunywa. Nataka iliyolala, nyeusi, bila sukari."

Rudaina alimtazama kwa mshangao, akampa birika. Mama Layth alikwenda chooni, akafungua kifuniko cha tangi dogo la kuvutia maji, akamimina chai yote humo.

"Sasa tusubiri," alisema. "Mtu yeyote asivute maji."

Baada ya robo saa walirudi. Ndani ya choo maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

"Unaona? Hakuna aliyevuta, lakini chai imeshuka. Choo chako kinavuja mchana na usiku, kimyakimya. Mpira wa ndani umechoka. Kwa wiki moja unaweza kupoteza robo ya tangi hivi hivi."

"Na mimi nawagombeza watoto!"

"Waombe radhi," alisema Mama Layth, tayari amepiga magoti na bisibisi mkononi.

Alibadilisha mpira ule kwa muda mfupi. Alipotoka uani kunawa mikono aliuona mzabibu. Akasimama. Akaufuata ule mpira wa mashine kwa macho mpaka shinani, akainama, akakwangua udongo kwa ukucha. Juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe, kama unga uliomwagika.

"Mama Talin," aliita. "Njoo uonje hii."

"Nionje udongo?"

"Kidogo tu, kwenye ncha ya ulimi. Hauui."

Rudaina alionja, akatema. "Chumvi!"

"Chumvi. Unafulia nini?"

Rudaina alikwenda mbio kulileta boksi, kwa fahari kidogo. "Hii siyo sabuni ya kawaida, dada yangu. Ni ya kijani. Soma mwenyewe: Rafiki wa Dunia."

"Hayo yako mbele. Mbele ni tangazo," alisema Mama Layth. Aligeuza boksi. "Mimi husoma nyuma. Nyuma hapa pameandikwa jinsi ya kupima kijiko, basi. Hawasemi ndani mna nini. Hawasemi nani ameipima. Sabuni nyingi za unga zina chumvi. Siyo ile ya kutia kwenye mchuzi, lakini ni ndugu zake. Ukifulia, zinatoka na maji. Ukimwaga maji hayo penye mti kila siku, chumvi inabaki. Udongo unakuwa mgumu na mizizi inashindwa kunywa. Mti unakuwa na kiu huku umesimama ndani ya maji."

Rudaina aliketi kwenye ngazi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Siyo jua. Ni mimi kwa mkono wangu."

"Ni wewe. Na huyo aliyekuuzia jani."

"Basi sabuni zote za kijani ni uongo?"

"Sikusema hivyo. Zipo nzuri kweli. Lakini rangi haiwezi kukuambia ipi ni ipi. Kampuni inaweza kuchora jani popote, hata kwenye tairi la lori. Kabla ya kununua jiulize: nakihitaji? Nilicho nacho kimekwisha? Halafu geuza nyuma usome. Kama maneno ni matamu na maelezo hakuna, rudisha rafuni. Mfuko mmoja ukiutumia miaka mitano umesaidia dunia. Hiyo niliyoiona imejaa kabatini pale mlangoni imemsaidia aliyeishona."

Rudaina aliona haya, lakini hakuwa na muda wa haya. Alisimama tena.

"Utapona? Niambie ukweli. Mama mkwe wangu anarudi baada ya siku kumi na mbili."

"Ukweli ni kwamba kwa siku kumi na mbili hautapona. Lakini ukianza leo hautakufa. Ng'oa mpira huo sasa hivi. Maji ya sabuni yaende kwenye bomba la maji machafu. Kisha uoshe udongo. Mwaga maji safi, mengi, polepole, ili chumvi ishuke chini mbali na mizizi. Rudia kila siku chache."

"Maji safi? Na tangi langu hili?"

"Choo hakivuji tena, hayo umeyapata. Ukifua mara moja kwa wiki kama zamani, umepata mengine. Tumia nusu ya sabuni unayotia, nguo zitatakata vilevile. Halafu kuna maji mnayotupa kila siku. Humu ndani mnaosali ni wangapi?"

"Watatu. Hajjat akirudi, wanne."

"Mara tano kwa siku kila mmoja anatawadha, na bomba liko wazi muda wote. Maji ya udhu hayana sabuni hata tone. Weka beseni chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga pia yanafaa. Hayo ndiyo chakula cha mzabibu. Na hakuna anayeyatangaza, kwa sababu hakuna anayeyauza."

Tangu saa ile Rudaina hakutulia. Aling'oa mpira. Alivunja utando mweupe kwa jembe dogo, akamwaga ndoo baada ya ndoo. Aliweka beseni chini ya bomba la kutawadhia, na ole wake aliyelisogeza. Ghazi aliporudi aliambiwa atawadhe kwa jagi moja.

"Jagi moja? Miguu yangu unaijua ilivyo mikubwa!"

"Tawadha, Baba Talin. Mzabibu unakungoja."

Siku zilikwenda mbio. Majani yaliendelea kuanguka, kwa sababu yaliyokwisha kuungua hayarudi. Kila asubuhi Rudaina alifagia majani makavu. Ghazi alimshauri tena kuhusu upepo wa jangwani. Mara mbili Rudaina alijaribu kuusema uongo huo mbele ya kioo. Mara zote mbili alishindwa kuumaliza.

Arobaini ilifika. Hajjat Nofa aliingia na mabegi yake, akasalimia, akabusu wajukuu. Kisha akatoka uani. Jua lilikuwa linapita katikati ya matawi yaliyo wazi na kupiga sakafu. Hajjat aliinua uso.

"Mama," alisema Rudaina. "Siyo jua wala upepo. Ni mimi. Niliunywesha maji ya sabuni mwezi mzima. Niliambiwa ni mazuri, nikaamini bila kuuliza. Nisamehe."

Hajjat aliingia chumbani, akafunga mlango.

Kwa siku mbili alisema na kila mtu isipokuwa Rudaina. Rudaina aliona afadhali angetukanwa. Alipika, alifua, alibeba beseni lake na kumwagilia, akiwa amenyong'onyea.

Siku ya tatu, alasiri, alitoka jikoni akamkuta Hajjat ameinama uani. Alikuwa amemaliza kutawadha. Alitaka kulinyanyua beseni, lakini mgongo wake ulikataa. Maji yalicheza yakammwagikia mguuni. Rudaina alisimama asijue aende au arudi.

"Unatazama nini?" Hajjat alifoka bila kugeuka. "Shika upande huo."

Rudaina alikimbia akashika. Walikwenda pamoja, hatua kwa hatua, wakamwaga polepole penye shina. Hajjat alichimba udongo kwa kidole, kisha akanyoosha kidole kwenye tawi la chini. Palikuwa na chipukizi dogo, la kijani, ukubwa wa ukucha.

"Sikuliona hili," alisema Rudaina.

"Utaona wapi, na wewe huna kutulia?" alisema Hajjat.

Wakati wa baridi waliyakata matawi yote yaliyokufa. Mzabibu ulibaki nusu. Mifuko ya kitambaa Rudaina aliwagawia majirani, akabakiza miwili, mmoja ukining'inia mlangoni ili asiusahau. Boksi lilipokwisha, alinunua sabuni ya maji iliyoandikwa nyuma kila kilichomo, na bado maji yake ya kufulia hakuyapeleka kwenye mzabibu. Tangi lilidumu hadi Alhamisi, na mara nyingine likabakiza.

Majira ya kuchipua yalipofika, mzabibu ulitoa majani. Hayakuwa mengi. Hajjat aliyachuma, akaona hayatoshi, akajazia sufuria kwa maboga madogo. Majirani waliitwa, na Mama Layth akawamo. Sufuria ilipopinduliwa juu ya sinia, jirani mmoja alisifu.

"Hajjat, tulisikia mzabibu wako umekufa. Nani ameuponya?"

Hajjat alimnyooshea Rudaina kijiko. "Huyu hapa. Ndiye aliyetaka kuuua."

Watu walicheka. Rudaina naye alicheka, uso umemwiva kwa haya. Hajjat alichagua jani lililofungwa vizuri kuliko yote, akaliweka kwenye sahani, na kabla hajampa mgeni yeyote akaisukuma sahani mbele ya Rudaina.

"Anza wewe," alisema. "Umeuhangaikia."