Maji ya Mama Akolong

Jumamosi hiyo jirani yangu Kirigia aliamka na furaha zake. Wiki nzima alikuwa amefungiwa ofisini pale Isiolo mjini, na gari lake lilikuwa bado linanukia upya. Alipakia mitungi miwili ya maji, nyama, makaa, na hema juu ya vyote, akamwambia mkewe Kaari kwamba leo watalala msituni.

Walishika njia ya Leparua. Mvua ilikuwa imekataa, na vumbi liliwafuata nyuma. Kabla barabara haijaanza kupanda mlima, walimwona mama mzee Mturkana ameketi peke yake kando ya njia. Alipoona gari aliinua chupa tupu ya plastiki. Kila mtu wa Isiolo anajua maana ya chupa hiyo: naomba maji.

“Baba Makena, simama tumpe,” Kaari alisema.

“Hapana. Majambazi hutanguliza wazee hivyo hivyo.”

Ulikuwa uongo, na aliujua. Uwanda ulikuwa mweupe, hapakuwa na kichaka cha kuficha hata mbuzi. Ni kwamba mitungi ilikuwa chini ya hema, na kupakua vitu juani kulimchosha kabla hajaanza. Uvivu tu, basi. Kwenye kioo alimwona yule mama bado ameinua mkono.

Juu mlimani kulikuwa kuzuri, hilo siwezi kulikataa. Mierezi ilikuwa imeifunga barabara pande zote mbili, ukungu ukiteremka bondeni. Kirigia alipiga picha, akateka maji mtungini akaosha vioo vya gari. Alicheka sana siku hiyo. Kaari aliniambia baadaye kwamba alicheka kupita kiasi.

Giza lilipoingia, wakiwa wanakula, wakasikia kitu nyuma ya gari.

Glu. Glu. Glu.

Mtu anakunywa. Polepole.

Kirigia akawasha tochi. Hakuna mtu. Mitungi imesimama, vifuniko vimekazwa. Akainua mmoja. Mwepesi. Wa pili. Mwepesi. Akafungua, akaingiza vidole. Pakavu. Chini, ardhi kavu.

“Kwani hukujaza?” Kaari alinong'ona.

“Si uliniona nikiosha gari?”

Nyuma yao mtu akashusha pumzi, kama aliyekata kiu.

Walijifungia garini mpaka kukapambazuka. Kirigia hakufumba macho. Roho ilimsuta vibaya sana. Alitaka kitu kimoja tu duniani: amkute yule mama hai, amwombe msamaha.

Walipofika pale alipokuwa ameketi, walikuta watu wachache wamesimama. Katikati yao kulikuwa na mwili umefunikwa shuka. Mzee mwenye mvi akasogea dirishani.

“Naitwa Ekaale. Huyu ni mama yangu, Akolong. Punda wetu walipotea na maji. Yeye miguu ilikuwa imekataa, nikamweka hapa barabarani, nikaenda kuwatafuta. Nilijua gari haiwezi pita mama mzee hivi hivi.”

Kirigia akashuka.

“Alama ya gari ni moja tu tangu jana,” Ekaale aliendelea. “Ni nyinyi mlimpa maji?”

Akafunua shuka. Midomo ya marehemu ilikuwa na unyevu. Nguo yake ilikuwa chapachapa kifuani, na maji bado yalikuwa yanadondoka mchangani.

Ukweli ulimfika Kirigia kooni. Akauona uso wa yule mzee, jinsi ulivyokuwa unangoja jibu.

“Ndiyo,” akasema. “Ni sisi.”

Kaari akageuka, akatazama mlima.

“Mungu akuweke. Mama amekufa amekunywa.” Machozi yalimtoka Ekaale. Akaikamua ile nguo kiganjani, akamnyunyizia Kirigia kwenye paji la uso, jinsi wazee wao wanavyombariki mtu aliyewatendea wema. Kirigia aliinama akapokea.

Hayo ni ya mwaka jana. Tone moja bado liko pale, juu ya nyusi ya kushoto. Analifuta, linarudi. Ofisini wanadhani ni jasho. Mara mbili amewasha gari aende akamwambie Ekaale ukweli, na mara mbili amefika Leparua akageuza kurudi. Kaari siku hizi analala chumba cha watoto.

Jana mchana nilimkuta langoni, nikamwomba ruhusa, nikaligusa kwa kidole. Lilikuwa baridi sana. Hapa Isiolo, jua la saa nane, hakuna kitu kilicho baridi hivyo.