Chupa Zilizosimama

Kisa hiki nilipewa na shangazi yangu, dada wa baba, yule mrefu ambaye mama yenu kamrithi pua. Alinipa mchana kweupe, tunakunja mashuka, akasema atasimulia mara moja tu. Na kweli hakurudia. Kwa hiyo sogeeni. Na wewe wa huko mwisho, toa kidole mdomoni, nikikushtua utajing'ata.

Shangazi alikuwa mtunza nyumba kwa mzee mmoja mwenye uwezo, yeye na mkewe tu. Nyumba kubwa, watoto hawakujaliwa. Mzee yule hakupenda gari, hakupenda mpira, hata wageni hakuwapenda sana. Alipenda mvinyo wake. Msije mkasema mlevi! Chupa moja kwa mwezi, tena nusu anaiacha. Raha yake ilikuwa kuzitunza. Alichimbisha chumba chini ya nyumba, unashuka ngazi tisa, na huko chini baridi inakung'ata masikio. Chupa zimelala kwenye rafu za mbao, safu kwa safu, kama watoto wachanga wodini.

Shangazi alifundishwa kazi ile kama mtu anayefundishwa kulea.

"Chupa inalazwa," mzee alimwambia. "Ikilala, mvinyo unagusa kizibo, kizibo kinabaki na unyevu. Ukiisimamisha, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia, unakunywa siki. Taa usiache inawaka. Usizitikise. Na usipige kelele, mvinyo unataka utulivu."

"Hata kuimba, mzee?"

"Wewe hasa usiimbe."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Sauti yake, Mungu amrehemu, ilikuwa kama bawaba kavu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mlango. Mlango mnene, umejazwa magodoro ndani ili joto lisipite. Ulikuwa na tabia ya kujiachia wenyewe, kwa hiyo mzee akauwekea komeo la chuma kwa nje. "Ukiukuta wazi, funga, tia komeo. Joto la siku moja linaharibu kazi ya miaka ishirini."

Utajuaje kama mzee yumo? Kulikuwa na msumari ukutani, na juu yake koti lake zito. Koti likiwepo, mzee hayumo. Msumari ukiwa mtupu, mzee kashuka, kalivaa. Hivyo tu. Miaka kumi na mmoja hawakukosea hata siku moja.

Basi siku hiyo ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mama mwenye nyumba kaenda kumuuguza mama yake, mbali, wiki nzima. Shangazi naye kapewa ruhusa ya siku tatu, mke wa kaka yake kajifungua. Mtoto mwenyewe ndiye mimi hapa. Kafua, kapika, kafunika. Mkoba begani. Anapita ukumbini, anaona mlango wa chini uko wazi kidogo, upana wa kiganja.

Akatazama msumari. Mtupu.

Lakini koti si alikuwa amelifua yeye mwenyewe asubuhi ile? Liko kwenye kamba nje, linachuruzika maji. Msumari lazima uwe mtupu. Akasema moyoni, mzee atakuwa bustanini.

Kuita hakuita. Kupiga kelele karibu na mvinyo, alikatazwa.

Akafunga mlango. Akatia komeo. Akaja kuniona mimi.

Alirudi siku ya nne asubuhi. Chakula alichofunika kiko vilevile. Koti liko kwenye kamba, limekauka kama ubao. Akaita bustanini, kimya. Akasimama mbele ya ule mlango. Anasema mkono ulikataa. Akaulazimisha. Akavuta komeo.

Mzee alikuwa amekaa ngazi ya juu kabisa, ameegemea mlango. Ulipofunguka, aliangukia miguuni pa shangazi.

Daktari akasema ni moyo. Watu wakauliza, mlango ulikuwaje? Shangazi akajibu, "Ulikuwa umerudishwa tu." Neno moja la uongo, watoto, dogo kama punje ya ulezi. Mama mwenye nyumba akamkumbatia akilia: "Bora umemkuta wewe, dada. Ulikuwa unampenda." Shangazi anasema angepigwa shoka asingeumia vile.

Maisha yakaendelea. Mjane akasema chupa zitunzwe kama mwenyewe alivyotaka. Basi kila saa nane mchana shangazi anashuka, anakagua, anapanda.

Mwezi wa pili akakuta chupa moja imesimama.

Iko sakafuni, kule mwisho kabisa, chini ya ukuta. Akadhani kajisahau. Akailaza mahali pake.

Kesho yake ikasimama nyingine. Imesogea hatua moja.

Kesho kutwa, nyingine. Hatua moja tena. Vumbi la sakafuni halijaguswa. Chupa imesimama katikati ya vumbi kama imeota hapo.

Akamuuliza mjane, "Mama, umeshuka chini?"

"Mimi? Na magoti haya?"

Akaanza kufunga mlango wa ukumbi na kukaa na ufunguo kifuani. Haikusaidia. Kila siku moja. Kila siku karibu zaidi na ngazi. Kila akiinyanyua, shingo ya chupa ni baridi, lakini tumboni ina uvuguvugu, mahali mkono unaposhika.

Halafu ikawa kwenye ngazi ya kwanza.

Ya pili.

Ya tatu.

Shangazi akajua. Hesabu hii hata mtu asiyesoma anaiweza, mimi na yeye hatukusoma. Zimebaki sita. Akafikiria kukimbia. Akafunga mkoba, akaufungua. Akasema, nikikimbia, mzee atamkuta nani? Atamkuta yule mama peke yake, hajui kitu. Akafikiria kumwambia ukweli, ulimi ukawa mzito. Atanifukuza. Wataniita muuaji. Usingizi ukamkataa, chakula kikamkataa. Mjane anamuuliza, "Unaumwa?" Anajibu, "Uchovu tu, mama."

Ya saba. Ya nane.

Siku ya ngazi ya tisa ilikuwa na jua kali. Mjane yuko mezani chumba cha kulia, anamenya chungwa. Saa nane. Shangazi akavuta komeo.

Chupa iko ngazi ya juu. Imesimama. Kizibo kimekauka, kimesinyaa, kinatikisika chenyewe kidogo, kinaingia, kinatoka, kama kinavuta pumzi.

Hakuilaza.

Akashika mlango kwa mikono miwili, akasema lile neno aliloshindwa kulisema siku ile. Kwa sauti ndogo.

"Mzee, umo?"

Akainama karibu na kizibo.

"Mzee. Umo ndani?"

Jibu likaja. Taratibu, sauti ya mtu asiyependa kelele. Halikutoka chini. Lilitoka nyuma yake, chumba cha kulia.

"Nimeshapanda."

Shangazi akageuka. Mjane bado yuko mezani, chungwa mkononi. Hamtazami shangazi. Anatazama kiti cha mumewe, kilichokuwa kimesukumwa mezani tangu mazishi. Kimevutwa nyuma.

"Umesikia?" mjane akanong'ona.

"Nimesikia."

"Anaongea na nani?"

"Na mimi, mama."

Akapiga magoti pale pale. Akasema yote. Koti. Msumari. Komeo. Uongo wake. Alisema akielekea kile kiti, si mjane. Alipomaliza, mbao za kiti zililia kidogo. Kama vile mtu mzito anapojiegemeza, akatulia.

Mjane akaweka chungwa mezani.

"Alikuwa anaita?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

"Chukua mkoba wako, dada. Sikuchukii. Ila siwezi kukutazama."

Wakaachana hivyo. Shangazi akarudi nyumbani kwa baba yangu. Hakusumbuliwa tena, akalala, akala. Mwaka mmoja baadaye likaja furushi kutoka kwa mjane, bila salamu, bila barua. Ndani kuna mto wa kile kiti, ule wa kukalia. Una bonde katikati, bonde la mtu aliyekaa. Nao umelowa, kama koti lililotoka kufuliwa.

Siku ile ya mashuka alifungua sanduku akanionyesha. Miaka zaidi ya thelathini imepita, bado umelowa. Niliushika kwa mkono wangu huu. Maji, na baridi ya kuuma mifupa. Niliuanika juani wiki mbili nzima, kila jioni nauingiza mbichi vilevile. Shangazi ananitazama tu, anatikisa kichwa. Tukaurudisha sandukuni.

Alipofariki tukamzika. Tuliporudi kutoka makaburini nikafungua lile sanduku, sijui kwa nini.

Mto ulikuwa mkavu. Na ulikuwa na joto, jamani. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Basi. Msiniulize ameinuka kwenda wapi, sijui, na nisingewaambia. Haya, kila mtu kitandani kwake. Laleni.