Gethin Penalti

"Gethin Penalti! Umerudi lini, ndugu yangu?"

Sauti ya muuza samaki ilivuka soko zima la Swansea, lililofurika kama kila Jumamosi. Watu wakageuka, wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Mji huo humwita mtu kwa jambo lake, na likishamganda limemganda. Gethin Prosser alikuwa amecheza beki mechi arobaini na mbili za taifa la Wales, akazima washambuliaji wenye majina makubwa, lakini waliikumbuka moja tu: dakika ya themanini na tisa alimwangusha mtu ndani ya boksi, na Wales ikakosa Kombe la Dunia.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza vikeki vya zabibu juu ya bamba la moto akainua macho. Alikuwa Mererid, mchumba wake wa zamani, kajifunga aproni ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, mvi mbili tatu zikichungulia. Gethin akasogea mpaka mezani kwake.

"Nipe... nipe vikeki sita."

"Miaka kumi na tisa, Gethin, halafu unaniomba vikeki sita?"

"Basi saba."

Kidogo acheke, ila hasira ikamuwahi. "Uliniacha siku kumi na moja kabla ya harusi, hata kwaheri hukuniaga! Nikasikia tu uko Uturuki. Huyo mwanamke wako wa huko hajui kupika?"

"Mwanamke gani?"

"Shika vikeki vyako. Unazuia foleni."

Gethin alikuwa amekuja kuuza nyumba ya marehemu mama yake, na Jumatatu angeondoka moja kwa moja. Jumapili asubuhi simu yake ikalia.

"Ni mimi. Namba nimepewa na muuza samaki. Kweli hakukuwa na mwanamke?"

"Hakuwepo, Mererid. Hata mmoja."

"Sasa kwa nini?"

"Njoo uwanja wa zamani. Kwenye simu sitaweza."

Uwanja haukuwepo tena. Majukwaa yalibomolewa siku nyingi, na palipokuwa na nyasi watu walilima vitunguu na kabichi. Walisimama katikati ya matuta, na Gethin akamwona tena Mererid wa zamani, msichana wa koti la mvua la njano, kalowa mpaka soksi, akipiga kelele kumshinda refa. Mechi ikiisha walikula chipsi zenye siki wakitembea kando ya bahari.

"Ulikuwa unanitukana kuliko kocha," akasema.

"Ulistahili, mpenzi." Neno lilimponyoka, akaona haya. "Haya, sema."

"Wiki ile baada ya mechi nilikuwa buchani na mama. Mtu akamwita Mama Penalti. Duka zima likacheka, mama akatoka kichwa chini. Nikajiambia, nikikuoa utakuwa Bi Penalti mpaka kaburini. Nikaona bora nikimbie."

Mererid akampiga kifuani kwa kiganja, kwa nguvu.

"Mjinga wewe! Unajua mimi wananiitaje?"

"Sijui."

"Mererid Gauni! Gauni la harusi lilikuwa tayari. Lilining'inia dirishani kwa fundi miezi mitatu, sikuwa na moyo wa kulifuata, mji mzima ukapita ukilitazama. Miaka kumi na tisa, Gethin! 'Mererid Gauni, nifungie sita.' Hilo la Penalti ungenipa tu, ningelibeba nikicheka."

Gethin alilia waziwazi, mbele ya wazee waliokuwa wakipalilia. Mererid naye machozi yalimtoka, lakini alimshika mkono akaukaza.

"Kesho saa tatu asubuhi, ofisi ya ndoa, tukajiandikishe. Ukichelewa naolewa na muuza samaki."

"Mererid, una hakika?"

"Saa tatu, nimesema."

Gethin alifika saa kumi na mbili alfajiri, akasubiri mlangoni.