Nilimtimua Wifi Yangu kwa Harufu ya Mdomo

"Toka! Chukua mkoba wako utoke, unaninukishia saluni!"

Hayo maneno ni yangu, jamani. Nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu, mbele ya wateja watatu.

Hakubishana. Aliweka kibano chake mezani, akafunga mkoba taratibu, akaniangalia...

"Sawa, wifi."

Basi! Akaondoka.

Na sikuishia hapo. Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la wapambaji wa saluni, hili hili mnalosoma sasa hivi, nikaandika: "Akija kwenu kuomba kazi msimchukue, ananuka mdomo." Nikaweka na vikatuni vya kucheka. Mkacheka wengi tu.

Sasa nisikilizeni.

Kazi yangu ni kubandika kope. Mteja analala kitandani, namfunga macho kwa plasta laini, nabandika unywele mmoja mmoja, saa nzima na zaidi, uso wangu juu ya uso wake. Wifi alikuwa anakaa pembeni, ananishikia gundi na kunichambulia kope kwa kibano chake.

Wateja wakaanza kupungua. Mmoja nikampigia simu, kulikoni?

"Dada, kazi yako safi. Ila huyo mwenzako... mdomo wake! Siku ile ulivyotoka kunawa mikono alituomba radhi mwenyewe, akasema fizi zinamsumbua."

Damu ikanichemka! Mimi nahangaika kutafuta wateja, mtu ananifukuzia? Ndipo nikamtimua kama mlivyosikia.

Wiki iliyofuata niko peke yangu. Mteja kalala, macho yamefungwa. Nikainama nianze kazi. Akageuzia uso ukutani.

"Kumbe karudi?"

"Nani?"

"Si wifi yako, yule mwenye fizi."

Nikatazama mlangoni. Nikatazama kiti chake. Mle ndani tulikuwa wawili tu, mimi na mteja...

Nyie! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakinga kiganja, nikapumua. Sikusikia kitu. Ya kwako huisikii, umeshaizoea.

Ukweli ni kwamba fizi zangu zilikuwa zinatoka damu tangu mwaka jana. Nikafanya ujinga gani? Nikaacha kupiga mswaki upande wa kushoto, eti nisizichokoze! Nikawa namumunya pipi za mnanaa kutwa nzima.

Daktari wa meno alinichungulia kinywani, akatikisa kichwa.

"Uchafu umegeuka jiwe chini ya fizi. Na jino hili limeanza kucheza."

"Na harufu, daktari?"

"Inatoka humo humo. Pipi inaifunika tu."

Akanichoma ganzi, akakwangua upande mmoja, wiki iliyofuata akamalizia mwingine. Machozi yalinitoka pale kwenye kiti, akadhani naumia. Sikuwa naumia. Nilikuwa namuona wifi anafunga mkoba.

Nilimkuta kwake anafua nguo za watu. Vidole vile vilivyokuwa vyepesi kuliko vyangu vimechubuka kwa sabuni. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji.

"Wifi, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ulitaka niseme ni wewe? Saluni ni yako. Wangekukimbia wote."

"Si ungeniambia mimi!"

"Nilikununulia mswaki laini na uzi wa kusafishia meno. Ulinijibuje?"

Nikakumbuka. Nilimjibu, "Unaniona mchafu?" Nikavitupa kwenye pipa la taka, yeye anaangalia.



Akakamua shati, akalianika.

"Nimeomba kazi saluni nne, wifi. Nikiingia tu wanaziba pua, hata sijafungua mdomo."

Aisee... hilo lilinimaliza.

"Nifanye nini unisamehe?"

"Si uliandika? Andika tena. Kule kule."

Basi ndiyo hii. Nawaandikia wote mliocheka siku ile. Aliyekuwa ananuka mdomo ni MIMI! Wifi yangu alibeba aibu yangu, nami nikamlipa kwa kumchafua mji mzima. Mniseme mpaka mchoke, nastahili.

Na wewe unayetema damu kila asubuhi ukipiga mswaki, usijidanganye kama mimi. Hapo panapotoka damu ndipo pa kusafisha, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala. Pitisha uzi katikati ya meno, sugua ulimi pia. Kisha nenda kwa daktari. Na mtu wako akikuletea mswaki, upokee. Hujui amejipa moyo siku ngapi.

Wifi, najua unasoma. Kibano chako kipo pale pale ulipokiweka, sijamruhusu mtu akiguse. Kiti chako pia.

Nimeandika. Njoo.