Aliyeitika Abee

Mama alikuwa ameinamia beseni, povu limempanda hadi kwenye viwiko, binti yake mkubwa alipotoka ndani ameshika simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Mama, umewahi kujitafuta mtandaoni?"

"Kwani nimepotea?"

"Sitanii. Kule nilikoomba kazi wametuambia tuangalie watu wanaona nini wakiandika majina yetu. Nikaandika na lako. Tumo sote, mama. Geti letu, shule ya mdogo wetu Kitinda, namba ya baba. Na Ngoja yumo."

Mama akaacha kufua.

Ngoja lilikuwa jina la ndani la mtoto wa kati, aliyefariki kwa homa mwaka uliopita. Kila alipoitwa alijibu, "Abee mama, ngoja kwanza!" hata kama alikuwa amekaa tu anajitazama kucha. Nje ya nyumba ile hakuna aliyelijua jina hilo. Aliyelitoa ni mama mwenyewe. Katika zile wiki za msiba, usingizi ulipomkataa, alishika simu akaandika: picha, geti ambalo mtoto alipenda kuning'inia juu yake, na ile sauti aliyoirekodi kwa bahati, yeye akiita, "Ngoja!" na mtoto akiitika huku anacheka. Watu wakampa pole. Baadaye simu ile ikatumbukia majini ikafa, na sauti ya mtoto ikabaki kule mtandaoni tu, hakuna pengine.

"Hizo ni pole za watu," mama akasema. "Zina ubaya gani?"

"Soma chini ya sauti."

Chini ya sauti kulikuwa na mtu asiye na picha wala jina. Alikuwa ameandika neno lile lile, siku baada ya siku: Abee mama. Abee mama. La asubuhi ile ndilo pekee lililozidi kidogo: Abee mama, nimefika getini.

"Mjinga gani huyu asiye na kazi," mama akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo sauti ilipotoka bafuni, ambamo hamkuwa na mtu.

"Abee mama!"

Na hakuna aliyekuwa ameita.

Binti akamshika mama mkono, povu na yote. "Usijibu," akanong'ona. "Mama, nakuomba, usijibu."

Lakini mama alikuwa amekaa mwaka mzima akiisikia sauti ile kwenye simu tu, na mdomo ukatangulia akili. "Njoo, mwanangu," akasema.

Tangu hapo nyumba haikuwa yao tena. Walianza kusikia harufu ya dawa ya kuchua, ile waliyompaka mtoto kifuani siku zake za mwisho, ikitoka kwenye mito, kwenye mkate, kwenye nywele za Kitinda, na ndani yake kuna kitu kama manyoya yanayoungua; na baba, ambaye hakuwahi kuamini mambo haya, akaanza kuoga mlango ukiwa wazi, na alipotaniwa hakucheka; na jioni moja, jua halijazama vizuri, mama akatazama dirishani akamwona Kitinda amepiga magoti ukingoni mwa tangi la maji lililochimbwa nyuma ya nyumba, mfuniko ambao watu wazima wawili huuinua kwa shida umesogezwa kando, uso wa mtoto karibu unagusa giza la ndani, na kutoka chini kabisa, huko kwenye maji, mtu anacheka kwa kicheko ambacho mama angekitambua hata akiwa kaburini.

"Ngoja nishuke, dada," Kitinda alikuwa anasema. "Usiondoke."

Mama hakukumbuka alivyofika. Alimvuta mtoto kwa gauni mpaka likachanika.

Kesho yake wakamwita shangazi, dada yake baba, ambaye watu humwendea wanaposumbuliwa na majini. Hakuja na mbwembwe. Alizunguka vyumba, akanusa mito, akakaa jikoni.

"Wifi, jini hana sauti yake. Huazima. Zamani ilimbidi ajibanze chini ya dirisha mwaka mzima apate jina la ndani. Wewe umempa jina, umempa sauti, na njia ya kufika ukamwelekeza."

"Lakini mimi sikumwita."

"Ile sauti huwa unaisikiliza?"

Mama akatazama chini. "Kila siku, kwa simu ya baba yao. Chini huwa sisomi."

"Na ndani yake nani anaita?"

Mama akajigusa kifuani.

"Kila ukiicheza unamwita mwanao," shangazi akasema. "Na mwanao hayupo wa kuitika. Kaitika mwingine."

"Tuihamishie kwingine basi," binti akadakia. "Tuifiche."

"Atahamia nayo. Ifutwe, na afute aliyeiweka."

Mama akaishika simu ya binti yake, akafungua ukurasa wake mwenyewe. "Nikifuta sina tena. Unaelewa, wifi? Sina tena."

"Naelewa."

"Huelewi."

"Kweli," shangazi akasema. "Sielewi."

"Niisikilize mara ya mwisho tu."

"Hapana, wifi. Hiyo ndiyo anayoisubiri."

Kutoka bafuni ikaja sauti, taratibu, bila kicheko, kama mtoto anayeogopa kuchapwa: "Mama, ngoja kwanza. Mama, usinifute."

Baba akaziba uso kwa mikono. Mama alikuwa analia, lakini Kitinda alikuwa amesimama mlangoni na magoti yake yaliyochubuka, na mama akamtazama huyo, aliye hai, akabonyeza.

Bafuni kitu kikaanguka kama nguo iliyolowa. Ile harufu ikaondoka mara moja.

Jioni mama akapakua chakula. Akaita kama alivyozoea kuita, na kila mtu akaja: baba, shangazi, binti mkubwa, Kitinda. Akawahesabu kwa macho. Wote wapo.

"Mama," Kitinda akasema, "Ngoja ile abee yake alikuwa anaivutaje?"

Mama akafungua mdomo amwonyeshe. Akajaribu, akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Kula, mama," akamwambia mtoto, akamsogezea sahani. "Kinapoa."