Jina Chini ya Matawi ya Msonobari

Kila Jumamosi, akishawalisha kuku na kufagia ngazi za mbele, Zenzi alivaa sketi yake ya sikukuu na kukimbilia makaburini. Msimcheke. Pale kijijini Untermoos, karibu na Salzburg, makaburi ya kanisa yalikuwa na watu wengi kuliko duka la mikate, maana ndipo basi la watalii liliposimama. Wageni walikuja kuona kaburi la ukoo wa Leitgeb, ile familia ya waimbaji iliyotungiwa filamu ya nyimbo iliyopendwa kila mahali. Na Zenzi alikuwa Leitgeb.

Alikuwa na miaka kumi na miwili na ulimi mwepesi. Kwa Kiingereza chake cha shuleni aliwasimulia jinsi mzee Vinzenz, baba wa babu yake, alivyokataa kuwaimbia Wanazi, akavuka milima ya theluji pamoja na mkewe na watoto wao sita, huku wakiimba njia nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwenye filamu. Wageni walifuta machozi, wakampigia makofi na kumpiga picha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Zenzi naye kila wiki aliongeza chumvi: mara dhoruba, mara mbwa mwitu.

Kilichomkera ni kibao kidogo cha chuma chini ya msalaba wa kaburi hilo. Kiliandikwa: Korbinian, 1931–1939. Siku moja mama mmoja mgeni alikisoma kwa sauti, akauliza huyu mtoto ni nani, mbona kwenye filamu hayumo? Zenzi alijua tu kwamba alikuwa mdogo wake babu, na kwamba nyumbani hakuzungumziwa. Akababaika. Wageni wakatazamana, wakaanza kurudi kwenye basi, na siku ile hakuna aliyempiga picha.

Mwishoni mwa Oktoba kila familia hufunika makaburi yake kwa matawi ya msonobari, kuyaandaa kwa Siku ya Watakatifu Wote. Mama yake Zenzi alimpa yeye kazi hiyo. Aliyapanga matawi vizuri, akayarundika zaidi upande wa chini, hata kile kibao kikapotea kabisa. Moyoni alijiambia kwamba ni mapambo tu.

Siku ilipofika, kijiji kizima kilisimama makaburini, kila ukoo mbele ya wafu wake, kumngoja padri apite na maji ya baraka. Bibi Afra, dada yake babu, alikuja na koti lake jeusi. Ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Zenzi, na kwenye kikapu alikuwa na ule mkate wa kusokotwa ambao mama wa ubatizo humpa mtoto wake kila mwaka siku hiyo. Mkononi alishika mshumaa wa Korbinian.

Aliinama kuuweka, asikione kibao. Akapapasa, akahamia upande wa pili, akadhani macho yamemdanganya. Kisha akaanza kuondoa matawi moja moja, mikono yake ikichomwachomwa. Mama yake Zenzi akauliza ni nani aliyefunika hapo.

Zenzi angeweza kusingizia upepo. Lakini aliitazama ile mikono, akashindwa.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Wageni walikuwa wananiuliza. Kwenye filamu hayumo."

Bibi Afra aliuweka mshumaa mbele ya kibao. Padri alipita, akanyunyiza maji, akaenda zake. Watu walipoanza kutawanyika, Bibi Afra alimketisha Zenzi kando yake kwenye ukuta mfupi, akamweleza yale ambayo hakuwahi kumweleza.

Hapakuwa na mlima. Walipanda treni mchana kweupe, na masanduku yao, kama watu wanaokwenda kuimba Italia. Na watoto hawakuwa sita, walikuwa saba. Korbinian aliugua mapafu, na daktari alisema safari ingemuua. Wakamwacha kwa bibi yao, wakikusudia kumchukua masika.

"Aliniuliza, 'Afra, sasa sauti yangu ataiimba nani?' Nikamwambia tutaiacha wazi mpaka atakapokuja. Masika hakuyaona. Tukaimba nchi ngapi sijui, na kila tukifika pale pake tunanyamaza. Watu walidhani ni ufundi."

"Kwa nini wenye filamu walimtoa?"

"Walisema atawahuzunisha watu. Wale sikuwalaumu sana, hawakumjua. Lakini wewe ni damu yake, Zenzi. Wao walimwacha nje. Wewe umemfukia mara ya pili."

Zenzi alilia mpaka kwikwi zikamshika. Bibi Afra akatoa mkate kikapuni, akamwekea mapajani. Zenzi akasema hastahili.

"Chukua. Mkate huu hatuwapi watoto wema peke yao."

Jumamosi iliyofuata basi lilikuja tena. Zenzi alisimulia habari ya treni na ya watoto saba. Mzee mmoja alinung'unika kwamba alikuja kwa ajili ya mlima. Wengine waliondoka kabla hajamaliza, na hakuna aliyepiga makofi. Ni mwanamke mmoja tu aliyebaki, akaomba afundishwe kulitamka lile jina. Alilirudia mara mbili mbele ya kibao.

Bibi Afra alikuwa nyuma yao na mshumaa mpya, akisikia yote. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimshika Zenzi mkono.

"Mjukuu wangu, uongo ukiwafurahisha watu mia, mtafute yule mmoja unaomuumiza. Yupo kila mara. Pengine hawezi hata kujitetea."

Kisha akaanza kuuimba polepole wimbo wa zamani wa nyumbani kwao, na Zenzi akamwitikia. Walipofika mahali pa Korbinian, wote wawili wakanyamaza.